Siku Bonde la Getuma Lilipopandiwa Mpaka

Kila sifa njema naielekeza kwa Mwenyezi Mungu, anayenyesha mvua juu ya shamba la mwenye shukrani na la aliyemsahau, na anayetoa chemchemi chini ya jiwe bila kuuliza ni nani atakayekunywa. Namshukuru kunifikisha umri wa kustaafu nikiwa na magoti yanayokubali kurukuu na macho yasiyohitaji miwani, ingawa kwa vitu vya mbali tu. Gazeti nalisoma kwa kulisogeza mpaka mkono unaisha.

Mliobaki kazini mliniaga kwa blanketi na jembe jipya. Blanketi nililielewa. Jembe nililitafakari njia nzima, nikaona ni salamu ya watu wasioamini kwamba nitakaa. Mkaniomba pia niandike niliyoyaona kazini. Nimekubali, ila habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, mishahara ilikwenda kwa kuwahi, na hakuna kimoja kitakachomsaidia kijana kupima mteremko.

Nilizaliwa Nyamisangura, mjini Tarime. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, Mkurya aliyesilimu akiwa kijana. Mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha kutawadha kwa kopo moja la maji. Hata siku ya mvua kubwa, bati likimwaga maji uani kama bomba lililopasuka, kopo lilikuwa lilelile moja. Nikamwuliza kwa nini tubane maji siku ambayo maji yanatufuata mpaka mlangoni. Akasema, "Maji ni mengi leo, Ramadhani. Lakini wewe unajizoeza kwa ajili ya kesho." Sikujua kwamba alikuwa ananipa mafunzo yangu ya kwanza ya kazi.

Kituo changu cha kwanza cha kazi ya kuhifadhi udongo na maji kilikuwa Issenye, wilaya ya Serengeti. Nilifika kwa baiskeli, nikiwa na cheti mfukoni na viatu vyeusi vilivyong'aa. Bwana shamba wa pale, Mzee Magesa, alikuwa amekaa mlangoni mwa ofisi akikata fito kwa panga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viatu hivyo ni vya harusi ya nani?"

Akanipa buti za mpira za mtu mkubwa kuliko mimi. Nilizivaa msimu mzima, nikitembea huku mguu unafika kwanza na buti inafuata. Zile fito zilikuwa za kutengeneza fremu ya A. Wakubwa mnaijua, kwa hiyo nawaelezea wageni: ni fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi hiyo, katikati unaning'inia uzi wenye jiwe. Ukiitembeza shambani, jiwe linakuonyesha sehemu zilizo sawa kwa usawa wa maji, nawe unachora mstari wa kuchimba kingamaji, ili mvua isibebe udongo. Siku hizi mna vifaa vya setilaiti vinavyolia kama vifaranga. Ni vizuri. Fremu ya A haikuwa na betri ya kuisha, basi.

Mzee Magesa alikuwa na sharti moja. Hakupima shamba la mtu huku mwenyewe amesimama pembeni. Alimpa mguu mmoja wa fremu aushike, na mguu wa pili alimpa jirani yake. Mara ya kwanza niliona ni uvivu. Tulikwenda kwa ndugu wawili wa Kiikoma waliokuwa hawasalimiani kwa sababu maji ya shamba la juu yaling'oa mtama wa shamba la chini. Mzee Magesa akawapa kila mmoja mguu wake, akakaa kivulini. Wakabishana. "Inua huko!" "Wewe ndiye unayeshusha!" Wakasogea hatua kwa hatua, kwa sababu fremu haiwezi kutembea kama wawili hawakubaliani. Kufika mchana mstari ulikuwa umekamilika na walikuwa wanagombana kuhusu jambo jingine kabisa, kwa sauti ya watu wanaozoeana.

Nikamwuliza mzee, "Na sisi tumefanya nini hapa?"

"Tumebeba fito," akasema. "Mtu hang'oi mstari alioushika mwenyewe."

Miaka yangu ya katikati nitaipita haraka, kwa sababu ilikuwa ya kawaida, na kawaida ni neema ambayo watu hawaiandiki. Nilioa, nikalea, nikapanda miti ambayo mingine ililiwa na mbuzi. Mzee Magesa alifariki, Mungu amrehemu. Kisha nikarudishwa nyumbani Tarime, na miaka michache kabla ya kustaafu nikapewa Bonde la Getuma.

Bonde hilo liko upande wa Nyamwaga, chini ya mashamba ya mahindi na migomba. Ukilitazama kutoka barabarani unaona mafunjo na ndege weupe, unadhani ni mahali pasipo na mwenyewe. Ukishuka unakuta kila mtu anakula humo. Wapo wanaovua kambare na kamongo, wapo wanaokata nyasi za kuezekea, na kiangazi ng'ombe wote wa kijiji wanaangalia huko. Lakini mashamba yalikuwa yameteremka mwaka hadi mwaka mpaka yakaingia ndani ya mafunjo. Udongo wa juu ulimwagika chini kila masika, na maji yakawa yanarudi nyuma.

Mgodi wa dhahabu wa jirani ulitoa fedha za kulihifadhi bonde na kurekebisha mashamba yanayolizunguka. Wapo walioniuliza msikitini kama fedha ya dhahabu inaweza kufanya jambo jema. Niliwajibu kwamba sikuajiriwa kuihukumu fedha, niliajiriwa kuhakikisha inafika kwenye udongo.

Aliyenipeleka kwenye chemchemi mara ya kwanza ni mama mmoja mjane anayeitwa Bhoke. Chemchemi hiyo iko ukingoni mwa bonde, inatoka chini ya jiwe pana, na haipigi kelele. Bhoke alikuwa amelima bustani karibu yake: nyanya, sukuma wiki, na ile mboga chungu ya mgagani tunayoiita chinsaga. Kabla ya hapo alikuwa akiponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, pamoja na wanawake wengine, toka asubuhi mpaka jioni. Alinionyesha viganja vyake. Sitavieleza.

"Tata," akaniambia, kwa heshima ya Kikurya anayopewa mtu wa umri wa baba, "mimi miradi siijui. Nijuacho ni kwamba maji haya yakikauka, narudi kwenye nyundo. Na mabinti zangu wananifuata."

Basi hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Kwenye taarifa tuliandika mengi, bioanuwai na kadhalika. Mimi moyoni nilikuwa na jiwe pana na mama mmoja.

Kazi ilianza kwa kuweka mpaka. Sheria inataka mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji ziachwe bila kulimwa wala kujengwa. Bustani ya Bhoke ilibidi isogezwe kando, penye mteremko kidogo, naye alikubali mara moja, maana maji yangefikishwa kwa mfereji. Mwakilishi wa mgodi katika mradi alikuwa binti wa kutoka Mbeya, Neema, mchapakazi, mwenye kofia ngumu ya plastiki ambayo hakuivua hata shambani, ambako kitu pekee kingeweza kumwangukia ni ndizi. Akaleta bikoni, yale mawe ya saruji ya kuonyesha mipaka, yamepakwa rangi nyekundu kichwani, mafundi wakayachimbia kuzunguka bonde lote. Zilinyooka vizuri. Tulipiga picha.

Sasa, wageni wa kazi, kuna neno la huku kwetu ambalo hamtalikuta chuoni: tegesha. Mtu akihisi kwamba mgodi unataka kuchukua eneo, anawahi kupanda miti na kuinua kibanda juu yake, ili siku ya tathmini ihesabiwe kuwa ni mali yake na alipwe fidia. Watu wa karibu na mgodi wanaijua bikoni nyekundu kuliko wanavyoijua bendera. Nasi tulikuwa tumezizungusha bonde zima.

Tuliporudi wiki iliyofuata, ukingo wa bonde ulikuwa umegeuka kitongoji. Vibanda vya udongo vilikuwa vimesimama, kila kimoja na bati moja, vidogo kiasi kwamba mbuzi akiingia angetoka kinyumenyume. Kati yake ilikuwa miche ya mikaratusi, imebanana kama maharage ndani ya gunia. Na kuizunguka chemchemi ya Bhoke, mpaka kwenye jiwe lenyewe, ilikuwa miche mingi kuliko kwingine kote. Mwenye miche alikuwa Chacha, mdogo wa marehemu mume wa Bhoke. Alikuwa amesimama katikati ya msitu wake wenye urefu wa kifundo cha mguu.

"Shikamoo, mzee wangu. Umekuja na karatasi za tathmini?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia maji, mura," nikasema, kama Wakurya tunavyowaita vijana.

"Maji yapo. Anza na hii safu ya mbele."

Mkaratusi ni mti mzuri mahali pake. Ukiuweka juu ya chemchemi, unakunywa kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Ile miche ikishika mizizi, kiangazi kimoja au viwili vingetosha. Bhoke alikuwa amesimama pembeni na ndoo yake.

Neema akaitisha mkutano, akapanda juu ya gari na kipaza sauti. "Wananchi, hili eneo halichukuliwi! Hakuna fidia! Ni hifadhi yenu wenyewe!" Watu walimsikiliza kwa adabu kubwa. Kesho yake vibanda vikaongezeka. Nikamwuliza Chacha maana yake ni nini.

Akanicheka kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Mzee, mgodi ukisema haulipi, ujue umeshaanza kupatana bei."

Kila tulivyozidi kukana, ndivyo walivyozidi kupanda. Tukaleta barua ya wilaya, wakasema barua imeletwa kwa gari la mgodi. Na kweli ililetwa kwa gari la mgodi, maana pikipiki yetu ilikuwa kwa fundi. Hapo ndipo Neema alipoambiwa na ofisi yake kwamba kama ukingo haujawa wazi kabla ya mvua za vuli, fedha zitapelekwa kijiji kingine. Alinieleza akiwa amevua kofia, na ndipo nilipoona kwamba ana umri wa binti yangu wa mwisho.

Naandika habari za subira kwa sababu mtu anaweza kuidhania ni kukaa kimya. Kwangu ilikuwa kuswali alfajiri, kupanda bodaboda mpaka Nyamwaga, na kwenda kukaa na wazee wa koo mbili zinazopakana na bonde, siku baada ya siku, nikiongea mambo ya ng'ombe. Hatimaye wazee wakakubali kuita ritongo, baraza la ukoo ambalo mtu akisemewa hapo hawezi kusema hakusikia. Niliomba jambo moja tu, kwamba Neema aje kwa miguu na kofia aiache.

Chacha ndiye aliyeongea kwa nguvu kuliko wote.

"Wazee, tusidanganyane. Tangu lini mpaka wa watu ukawekwa kwa saruji? Baba yetu alipogawana shamba na jirani yake, walivuta kamba, huyu huku, huyu kule, wakapanda mkonge mbele yenu. Nani amewahi kuung'oa? Hakuna! Saruji ni ya mgodi. Penye saruji pana fidia. Basi!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikamkumbuka Mzee Magesa na fito zake, nikasimama.

"Chacha amesema kweli tupu," nikasema. "Naomba tuzing'oe bikoni zote. Kisha tupande mkonge, kwa kamba, kama alivyofanya baba yake."

Neema akanivuta shati. "Mzee, zile bikoni zina kumbukumbu ofisini! Nitaandika nini?"

"Andika kwamba mpaka umeota."

Mzee mmoja wa baraza akainua fimbo. Mkonge unapandwa na majirani wawili, akasema. Mwenye mashamba ya juu yupo, ni hawa wote. Lakini jirani wa chini ni bonde. Nani atashika kamba upande wa bonde? Mimi Ramadhani sikuweza, nilikuwa mtumishi wa serikali. Neema hakuweza, alikuwa wa mgodi, tungerudi palepale kwenye saruji. Mwenyekiti wa kijiji akaangalia viatu vyake, kwa sababu na yeye alikuwa na kibanda.

Bhoke akatua ndoo. "Nitashika mimi. Ndilo linalonilisha."

Kwetu mwanamke hashiki kamba ya mpaka. Ilizuka minong'ono, mmoja akasema mambo yamegeuka. Yule mzee akasema kwamba hajawahi kuona hilo, lakini hajawahi pia kuona bonde likiwa na wakili, na anataka kwenda kunywa uji. Akamwelekeza Chacha ashike ncha ya juu, kwa sababu ndiye aliyeleta hoja.

Kabla ya kamba kulikuwa na bikoni, na Neema hakuzikataza tena. Vijana walizing'oa kwa mitaimbo huku wakiimba, na niliwaona watu wakiangalia yale mashimo kwa nyuso za mtu aliyeamka. Hakuna aliyewahi kuona mgodi ukiruhusu bikoni zake zing'olewe. Wa kwanza kuezua bati lake alikuwa mwenyekiti. Alisema amelihitaji nyumbani.

Siku ya kamba tulianzia kwenye chemchemi. Nilipima mita sitini, wazee wakashuhudia, na Chacha na Bhoke wakavuta. Kamba ilipokaza, msitu wote wa Chacha ukawa upande wa chini.

Chacha akacheka, ingawa si sana. "Shemeji, kumbe leo wewe ndiye bonde?"

"Ndiyo, mimi ndiye bonde," Bhoke akajibu. "Na wewe umenipandia miti tumboni."

Hata wazee walicheka, mmoja mpaka akashika mti asianguke. Lakini desturi ya mkonge haina utani: kilichoota upande wa jirani ni cha jirani. Yule mzee wa fimbo akasema wazi kwamba miche ile sasa ni ya bonde, na msemaji wa bonde ni Bhoke. Kama anataka kuni, akate. Kama anataka kuiuza, auze.

Chacha alikuwa bado ameshika ncha yake ya kamba. Angeweza kuiachia akaondoka, na nadhani kila mtu alikuwa anangoja hilo. Nami nilikuwa nasoma dua ninazozijua, kimoyomoyo.

Bhoke akamwambia, "Baba yao mdogo." Hakumwita kwa jina, alimwita kwa nafasi yake kwa watoto. "Chukua miti yako. Kule juu kwenye mlima mkavu haina mtu wa kumnyang'anya maji. Ila leo, kabla mizizi haijafika kwangu."

Chacha alitazama kamba, akatazama jiwe. Akafunga ncha yake kwenye mche wa kwanza wa mkonge, akaushindilia udongo kwa kisigino, kisha akaenda kuchukua koleo. Aling'oa miche yake kwa mikono yake, mmoja mmoja na udongo wake, akaipandisha mlimani kwa toroli mpaka magharibi. Jirani zake walipoona, walifanya hivyohivyo, wengine wakinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika. Neema alisukuma toroli pia. Siku hiyo niliswali magharibi kwenye nyasi, na maji ya kutawadha nilichota kopo moja.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ile mnayoijua. Tulichimba makingamaji kwenye mashamba ya juu, kwa fremu za A, majirani wawiliwawili. Tulipanda majani ya tembo juu ya matuta, wenye ng'ombe wakayafurahia. Mizinga ya nyuki ikawekwa ukingoni. Mingine haikupata nyuki mpaka leo, kwa sababu nyuki hawasomi mpango kazi. Fedha za mgodi zilibaki Getuma. Sisemi kila kitu kimepona. Kuna pembe moja ya bonde ambako moto bado unawashwa, na mtu wa hapo namwachia mrithi wangu pamoja na lile jembe.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali, ng'ombe walionekana mbavu. Nilishuka kwenye chemchemi nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nililikuta jiwe limelowa. Maji yalikuwa yanatoka vilevile, bila kelele, na mfereji wa Bhoke ulikuwa na unyevu mpaka mwisho. Binti zake walikuwa wanachuma chinsaga.

Nilikwenda kuaga wiki yangu ya mwisho. Mkonge umefika kifuani. Chacha amechaguliwa kuwa mlinzi wa ukingo, na ana maneno makali kwa yeyote anayeusogelea na mche wa mkaratusi. Ameniambia, "Hawa watu, mzee, wana tamaa sana." Nilimjibu kwamba nimesikia hivyo.

Bikoni moja nilikuta imebaki kwa Bhoke, imelazwa kando ya jiwe, rangi nyekundu imefifia. Anaikalia akiosha mboga. Yeye ni Msabato, na siku zote amejua saa zangu za swala kuliko simu yangu. Siku hiyo alisogea, akanipisha kwenye bikoni nikae nitawadhe, akanichotea maji. Alileta ndoo nzima.

"Kopo linatosha, mama," nikasema.

"Najua, tata. Yanayobaki nitamwagia nyanya."

Ewe unayesoma haya, uwe kazini au umeshapewa blanketi lako, Mwenyezi Mungu akujaalie jirani wa kushika naye kamba, akulinde na kiangazi cha nje na cha moyoni, na maji yaliyo karibu nawe yasikauke wewe ukiwa hai wala baada yako. Amina.